Barua kutoka Edinburgh: Miili ya Watu na Elimu ya Udaktari

Edinburgh, Uskoti

Wapendwa Baba na Mama,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima hapo Kisumu. Mimi sijambo, ila baridi ndiyo inayonihangaisha. Mama, uliponiuliza kwa simu kama ni kweli kwamba watu wa huku hujitolea miili yao ipasuliwe na wanafunzi wa udaktari, nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa kituoni nikingoja basi, na jambo lenyewe linahitaji utulivu.

Ni kweli. Mbali na utafiti wangu, kazi yangu hapa chuoni ni kuwasaidia wanafunzi katika somo la anatomia, yaani muundo wa mwili, na wanaotoa miili yao hapa hutia sahihi wenyewe wakiwa hai, mbele ya shahidi. Jamaa hawawezi kumtolea marehemu idhini hiyo. Mafunzo yakiisha, mwili huchomwa au kuzikwa kwa heshima, na chuo huandaa ibada ya shukrani ambayo jamaa za marehemu hualikwa.

Msidhani watu wa hapa walizaliwa na imani hiyo. Kitivo cha udaktari kilianzishwa mwaka wa 1726, na karne moja baadaye wenyeji walikuwa wakikesha makaburini, kwa kuwa maiti zilifukuliwa usiku na kuuzwa kwa walimu wa anatomia. Mwaka wa 1828 William Burke na William Hare hawakujisumbua hata kufukua: waliwaua watu 16 na kumuuzia maiti zao Dkt. Robert Knox, aliyekuwa na darasa lake la binafsi. Burke alinyongwa mwaka uliofuata, akapasuliwa chuoni, na mifupa yake ingali katika makumbusho ya anatomia. Sheria ya mwaka wa 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuwaruhusu walimu kuchukua maiti zisizodaiwa, nyingi zikiwa za maskini waliofia katika nyumba za hisani. Kwa maoni yangu, hofu haikuondolewa, ilitwikwa tu wasio na mtetezi.

Siku makumbusho yanapofunguliwa kwa umma, mimi huenda kuwajibu wageni maswali. Wengi huja kwa ajili ya mifupa ya Burke, lakini wakishaizoea huuliza lililowaleta hasa: je, wanafunzi huicheka miili ile? Huwaambia kwamba vijana ni vijana na kicheko hakikosekani kwenye ujia, ila mlango ukifungwa wengi wao hunyamaza bila kuambiwa. Nimeona kwamba jibu la namna hiyo hupokelewa vizuri kuliko hotuba.

Baba, najua utakalosema. Utanikumbusha kesi ya wakili S.M. Otieno, jinsi mjane wake na ukoo walivyobishania mazishi yake mahakamani hadi akazikwa kwao Nyalgunga mwaka wa 1987, na kwamba kwetu maiti ni ya ukoo na ya boma. Sikupingi, wala simwombi mtu yeyote wa nyumbani atoe mwili wake. Linalonisumbua ni kwamba sheria yetu ya Kenya nayo inaruhusu maiti zisizodaiwa zipelekwe katika vyuo vya udaktari, na sijapata kusikia jambo hilo likielezwa katika baraza lolote la chifu. Mtu asiyeelezwa hujitungia maelezo, na ndipo hadithi za mumiani zinapopata wasikilizaji.

Isitoshe, watu wetu wamekwisha kutoa, tena wakiwa hai. Majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka wa 2009 yaliwahusisha watoto wa Kombewa na Siaya, na mama zao walikubali watolewe damu huku majirani wakinong'ona. Chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchini mwaka wa 2019, ilizinduliwa Homa Bay, ng'ambo ya ghuba. Hapa jamaa za waliotoa miili hualikwa wakashukuriwa. Sijui ni mama wangapi wa Kombewa waliorudiwa wakaambiwa kwamba ile damu ya watoto wao ilisaidia kuleta chanjo wanayochanjwa watoto wengine leo.

Nitakuja likizo ya Desemba, Mungu akipenda. Mama, tafadhali waulize akina mama wa chama chenu wenye jamaa Kombewa kama wangependa tuketi alasiri moja nami nijibu maswali yao, hata yale makali. Nawe Baba, nisemee kwa chifu mapema, maana mikutano ya Desemba hujaa harambee na matanga.

Wasalimieni wote.

Mwana wenu awapendaye.