Barua ya wazi kwa mdogo wangu: wasikupandishe na gitaa lisilochomekwa

Mdogo wangu,

Nimeona bora niandike huku wazi maana nikikutumia meseji unanijibu "sawa dada" alafu unafanya unachotaka, na pia najua wenzako wataisoma, tena huyo wa dramu ataisoma mara mbili kwa vile hili linamhusu yeye kuliko wote.

Nimesikia bendi yenu mmepata nafasi kwenye shoo ya Jumamosi pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Hongereni jamani, kwa kweli nilipiga kelele jikoni mpaka mama akaja kuangalia kuna nini. Alafu ndo nikasikia sharti lenyewe. Eti promota anataka apande mwimbaji, na wewe kama unataka upande na gitaa ila halitachomekwa popote, biti itoke kwenye flashi, wa besi na wa dramu wakae chini na mashabiki. Nikauliza mmemjibu nini, naambiwa bado mnafikiria. Mnafikiria nini sasa?

Hebu tuongee ukweli kuhusu huu mji. Chuga, yaani Arusha yetu hii, ni ya hip hop toka wewe hujazaliwa, Ngarenaro na Kaloleni kila kona kuna chalii anachana, na waliotangulia ni watu wazito, kuna Nako 2 Nako, kuna Weusi, hao wamepasua mpaka Dar na hawakuacha kuongea kichuga. Ukitoka hapo unakutana na singeli na amapiano kwenye kila baa, gospo kwenye kila daladala, na studio za uani zinazotoa wimbo mpya kabla ule wa jana haujapoa. Humo ndimo mlipoingia nyie vijana wanne na nyimbo laini za gitaa ambazo hata mimi mwanzoni nilisema hizi nani atasikiliza, watu watadhani ni mapambio yamepotea njia. (Usinune, si ndo ukweli, nusu yenu mmejifunzia kupiga usharikani.)

Na bado watu wamesikiliza. Kwa nini? Juzi nimepanda boda pale Sanawari, chalii anaendesha huku anapiga mluzi, nikatega sikio, ni kale kagitaa kako ka mwanzo, kale kanakopanda alafu kanasita kidogo kabla besi haijaingia. Maneno ya wimbo hayajui hata moja, nilimuuliza, ila lile pengo la kusita alikua analiacha vilevile kwenye mluzi wake. Sasa niambie, hicho alichobeba yule chalii kimetoka kwa nani? Kimetoka kwa wewe na wa besi mnavyosikilizana. Afu leo mtu anakwambia wa besi abaki chini!

Wasanii wa kuimba juu ya flashi wamejaa, na wengi wanaimba vizuri kuliko mwimbaji wenu (samahani mdogo wangu, namsifia kwa mengine). Mkipanda kwa staili yao mnakua wa arobaini kwenye foleni ambayo haikua yenu. Waangalie X Plastaz, wametoka hapahapa kwetu miaka ya tisini, kipindi hicho kila mtu anataka kuonekana Mmarekani, wao wakamuweka Mmasai jukwaani anaimba kimasai katikati ya rap, na albamu yao ya 2004 ikatolewa mpaka Ulaya. Lile jambo ambalo mtu angewaambia wapunguze ndo lililowatoa. Hata Sauti Sol hapo Nairobi, walianza 2005 kwa sauti tupu bila ala, wakaongeza gitaa, na walipokua wakubwa bado ulikua ukienda kwenye shoo yao unakuta bendi iko nyuma inapiga.

Ila nisimuonee promota, nimekaa kwenye mikisa (ile mashine ya kuchanganyia sauti) ya kwaya miaka mingi najua anaogopa nini. Msanii wa flashi anahitaji maiki moja, anapanda anashuka. Nyie mnakuja na dramu zinazotaka maiki nne peke yake, ampu ya besi, ampu ya gitaa, monita (spika za nyie kujisikia), na fundi mitambo ambaye hajawahi kuwasikia anatafuta gitaa liko chaneli ipi huku uwanja mzima unazomea. Dakika ishirini zimeenda, na kibali cha shoo kina saa ya mwisho. Kwa hiyo mkienda kumwambia "sisi ni bendi, tunapiga laivu" na mkaishia hapo atawaona wasumbufu, na atakua na haki.

Mpelekeeni kitu kinachobebeka. Acheni dramu kubwa, tumieni zile za umeme, zinatoa waya mbili tu. Besi iende moja kwa moja kwenye mikisa, gitaa nalo lipitie kwenye pedali yako bila ampu, sauti maiki mbili. Jumla chaneli sita. Ziandike kwenye karatasi moja, ipi ya nani, fundi apewe siku moja kabla. Alafu ombeni kufungua shoo. Najua wewe hutaki, unaona kufungua ni kupigia viti vitupu, lakini anayefungua hasubiriwi kufungiwa vyombo, mnafunga mchana, mnafanya saundi cheki kwa raha zenu, geti likifunguliwa kila kitu kiko tayari. Bora nyimbo tatu mbele ya watu mia tano mkiwa wanne kuliko wimbo mmoja saa sita usiku ukiwa umekumbatia ubao wa mbao.

Afu si ulikua unaniimbia habari za Sauti za Busara kila siku? Lile tamasha la Zanzibar wasanii wanapiga laivu asilimia mia, ndo msimamo wao huo. Sasa ukitaka kuomba kule utawatumia video gani, ya mwimbaji na flashi?

Halafu hata huo uwanja wenyewe. Sheikh Amri Abedi alikua mshairi, ndo huyo alitoa kitabu cha kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, mtu wa kupima kila mizani. Ukapande pale kwenye jina lake kujifanya unapiga, mh, mimi ningeona aibu.

Nyimbo zenu kule COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mmeshasajili au bado mnasema wiki ijayo? Hilo tutaongea nyumbani.

Dramu za umeme muulizeni mwalimu wa kwaya ya vijana, wanazitumia Jumapili tu, mpeni hela ya soda na mzirudishe Jumamosi usiku hiyohiyo. Kebo yangu ndefu iko kwa mama chumba cha uani, ichukue, ila jeki ya upande wenye selotepu nyekundu imelegea, fundi redio aipige lehemu kwanza. Na huyo promota mpigieni leo, kabla hajachapisha mabango yenye picha ya mtu mmoja.

Dada yako