Si kura yangu inayonitia wasiwasi, ni stakabadhi

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika wiki iliyopita akitaka matangazo ya wanasiasa yapigwe marufuku kwenye runinga kwa kuwa "yanapumbaza wapiga kura" alinichekesha, kisha akanikera kidogo. Mimi ni mmoja wa hao wapumbazwa, naomba nijitetee.

Mwaka 2022, wakati wa kampeni, nilikuwa nikinyolewa katika kibanda kimoja hapa Kisauni, Mombasa, chenye runinga ya inchi 32 juu ya kioo. Taarifa ya saa moja ikikatizwa na tangazo la mwaniaji, kinyozi huzima mashine. Si kwa heshima. Anataka wimbo usikike. Benchi zima huitikia. Nilimwona shabiki wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, kofia ya chama kichwani, akitikisa goti kwa wimbo wa wapinzani wao, Kenya Kwanza ya William Ruto. Ulipokwisha akauliza, "Hawa wanatuona wajinga?" Siku ya kura ilipofika alimpigia yule yule aliyekuwa naye tangu Januari.

Kama fedha za runinga zingenunua kura, Michael Bloomberg angekuwa rais wa Marekani. Meya huyo wa zamani wa New York aliingia katika mbio za tiketi ya Democratic mnamo Novemba 2019 na kumwaga zaidi ya dola milioni 500 kwenye matangazo, mengi yakiwa ya runinga. Machi 2020, siku majimbo mengi yalipopiga kura kwa pamoja, aliambulia ushindi wa American Samoa peke yake. Kesho yake akajiondoa.

Huko huko, mwaka 2006, kampeni ya gavana wa Texas, Rick Perry, iliwaruhusu watafiti wapange kwa bahati nasibu maeneo ya kuonyeshwa matangazo yake na lini. Yaliwavutia watu, tena sana, ila baada ya wiki moja hivi mvuto ulikuwa umeyeyuka. Nadhani ndiyo sababu hapa kwetu tangazo moja hurudiwa hadi mtoto wa chekechea analikariri, na wiki ya mwisho ya kampeni huwa haina nafasi ya kupumua.

Marehemu nyanya yangu kule Kilifi hakuwahi kuwa na runinga. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya "ndiyo" na chungwa ya "la", alifanya uamuzi wake akichambua mchicha, redio kando na jirani mlangoni. Serikali ilikuwa upande wa ndizi na ilikuwa na kila nyenzo. Chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58.

Je, matangazo hayana kazi basi? Yana kazi, ila si hiyo ya kumgeuza mtu. Kazi yake ni kututia maneno mdomoni. Hasla (mhangaikaji wa riziki) na wilbaro (toroli), maneno ya kampeni ya Kenya Kwanza, viliingia hadi kwa waliovichukia. Jirani yangu, Azimio damu, alimwita kijana anayemletea maji kwa mkokoteni "hasla" mwaka mzima, na kijana akaitika. Ukishakesha mkibishana juu ya wilbaro, nani atakumbuka kuuliza deni la taifa litalipwaje? Hapo ndipo tulipopumbazwa, mwenzangu, sote wawili.

Wala hayakututoa nyumbani. Agosti 2017 waliojitokeza walikaribia asilimia 80 ya waliojiandikisha. 2022, pamoja na nyimbo zote zile, ilikuwa karibu 65. Hapa Mombasa hata nusu haikufika. Nakubali kwamba uchaguzi wetu wa gavana ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya karatasi za kura zilizochapishwa vibaya, na hilo liliwavunja wengi moyo.

Kwa hiyo marufuku siitaki. Uingereza hairuhusu matangazo ya siasa ya kulipia kwenye runinga na redio, badala yake vyama hupewa muda wa bure. Kwetu, fedha zile zile zitahamia TikTok na kwenye mabango ya barabara kuu, na hapo ndipo tutashindwa kabisa kuzifuata.

Ninachotaka kujua ni nani analipa. Tuna sheria ya fedha za kampeni tangu 2013, na hadi leo haijawahi kumbana mwaniaji yeyote. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kikomo cha Sh4.4 bilioni kwa mwaniaji urais. Kikaanguka kabla ya uchaguzi. Anayelipia sekunde 30 wakati wa taarifa ya habari, usiku baada ya usiku, hatoi sadaka. Atataka zabuni ya barabara, au kibali cha kuagiza sukari, na tangazo tulilolicheza kwa kinyozi tutalilipia dukani.

Marekani, tangu sheria yao ya 2002, mwaniaji wa urais au Bunge la taifa lazima asikike kwa sauti yake akisema ameidhinisha tangazo lake. Vituo vyetu visingojee Bunge. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, viandike chini ya kila tangazo la siasa jina la aliyelipa na kiasi alicholipa, kwa herufi ambazo aliyekaa mwisho wa lile benchi la Kisauni ataweza kuzisoma bila kusimama.

Mnyolewaji,
Kisauni, Mombasa