Mkono wa Idi, na Nazi ya Ustadh Nabhany

Idi Mubaraka kwenu nyote, wa mwambao na wa bara, na mlioko Maskati au Toronto. Saumu zimetimia, Mungu azipokee.

Idi ni siku ya kuwazuru waliotangulia, na sisi wa lugha tunaye wetu: Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, aliyezaliwa Lamu 1927 na kufariki 2017. Elimu hakuifungia kabatini. Mtafiti akibisha hodi, awe wa Nairobi au wa Ujerumani, alisomewa tendi na kufumbuliwa neno moja moja. Hata hilo "runinga" (televisheni) la watangazaji wa Kenya ni pendekezo lake.

Ila leo majiko yanawaka, basi tumkumbuke kwa utendi wake Umbuji wa Mnazi (1985), alimoutaja mti huo tangu kukua kwake hadi manufaa yake. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, ndizo hatua za tunda lake: anayeziita zote nazi ndiye anayerudi kutoka sokoni na koroma. Kwa macho imekomaa, nyama imekaza, lakini mafuta hayajakolea; tui lake jepesi kama maji yaliyooshea mchele.

(Wa pilau mtuwie radhi, haya ni ya wali wa nazi.)

Kwa kilo ya mchele, nazi mbili. Vunja moja moja na uonje kabla ya kukuna, maana nazi mbovu harabu ya nzima si maneno ya kanga tu. Kwenye mbuzi ya kukunia, koma ukiona wekundu wa ganda, usije ukalitia tui rangi. Maji yawe ya uvuguvugu. Ya baridi huyaacha mafuta kwenye chicha, yale makapi ya nazi. Kamua kwa kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, na tui la kwanza, kasimile, liweke kando. Mchele hupikwa kwa la pili na la tatu. Kasimile huingia maji yakikaribia kukauka, kisha unafunika na kupalia makaa. Ukilitia mapema kwenye moto mkali hukatika: mafuta juu, maji chini.

Tui la pakiti linapika, hatukatai. Lakini halina kifumbu, halina chicha, halina kasimile, na mtoto aliyekulia nalo atayakuta majina hayo vitabuni tu, akibahatika.

Kwa hiyo mkirudi kutoka makaburini, mkalisheni mtoto mmoja juu ya mbuzi, mumfundishe jina la kila kitu anachokishika. Ustadh mumsomee Fatiha. Na sisi mtuwekee ukoko.