Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji na Mazingira: Tuiteni Mpango Ukiwa Bado Rasimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mazingira,
Serikali ya Jamhuri ya Uganda,
Kampala.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Kilembe, wilaya ya Kasese. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii na kifundishwe kwa lazima shuleni. Huku kwetu habari hiyo haikumshtua mtu. Mgodi wa shaba ulivuta wafanyakazi kutoka kila pembe, na Mpondwe, mpakani, tunakutana na Wakongomani sokoni, kwa hiyo Kiswahili ndicho tunachogombania bei. Kama itabidi utafutiwe mkalimani wa kukusomea barua hii, lawama usinitupie mimi.

Nina neno moja tu. Sisi vijana tunaitwa siku ya kupanda miti. Siku ya kuandika mpango wa tabianchi wa wilaya hatuitwi.

Siku ya kupanda miti naijua vizuri. Yanafungwa mahema mawili, moja la wageni lenye viti vilivyovishwa vitambaa, jingine letu. Spika zinaanza kupiga muziki saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anafika saa saba. Tunagawiwa fulana zenye jina la mradi mgongoni, zote saizi moja, kubwa. Miche imepangwa kwenye vifuko vyeusi vya nailoni. Mgeni rasmi anakabidhiwa jembe ambalo halijawahi kuona udongo, na shimo lilishachimbwa na vijana jana yake. Anatia mche, anamwagia maji kwa kopo, kamera zinafanya kazi yake. Halafu hotuba: vijana ni viongozi wa kesho. Soda, chapati, saini kwenye karatasi ya mahudhurio, nauli, kwaheri. Haipiti muda mrefu mbuzi wanamaliza shughuli, kwa sababu katika bajeti ya sherehe hakuna aliyekumbuka uzio wala mtu wa kumwagilia.

Sidharau miti. Ninachouliza ni nani aliyechagua mahali pale, nani aliyechagua mche ule, na kwa nini kina mama wanaolima kando ya mto hawakuulizwa. Wangewaambia bure kwamba ukingo wa mto unashikwa na mianzi na matete, na kwamba mkaratusi unapandwa na mtu anayetaka nguzo.

Maana mto wenyewe tunaufahamu. Nyamwamba unashuka kutoka Rwenzori na kupita katikati yetu hadi mjini Kasese. Mei Mosi 2013, wakati nchi inaadhimisha Sikukuu ya Wafanyakazi, ulishuka na magogo na mawe, ukaua watu, ukabomoa madaraja na nyumba. Mei 2020, tukiwa tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona, ukarudi. Hospitali ya Kilembe Mines, iliyokuwa tegemeo la wilaya nzima, iliharibiwa na wagonjwa wakahamishwa. Familia nyingi ziliishia kambini Muhokya, na kilichosemwa kuwa ni makazi ya muda kikageuka miaka. Ukitembea bondeni leo utawakuta vijana wamekaa chini ya miavuli iliyotoboka, nyundo mkononi, wanaponda kokoto. Yale mawe ndiyo yaliyoangusha nyumba zao. Wanayavunja vipande, wanayauza kwa lori, wananunua unga. Hiyo nayo ni ajira ya vijana katika uchumi wa tabianchi, ingawa sijawahi kuisikia kwenye hotuba.

Juu huko, theluji inaondoka. Mwaka 1906, Waitaliano walipopanda na kuchora ramani ya vilele, barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 haikufika hata kilomita moja, na tangu hapo imezidi kupungua. Moshi ulioiyeyusha haukutoka kwenye majiko yetu ya mkaa peke yake, hilo tunalijua, na wewe umelisema kwenye mikutano ya kimataifa kama walivyolisema waliokutangulia. Hapo tuko upande mmoja.

Tunaachana tukirudi nyumbani.

Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inataka kila wilaya iwe na mpango wake wa kukabiliana na mabadiliko haya. Inampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu ikiwa kitendo cha mtu, au kutotenda kwake, kunahujumu kazi hiyo. Katiba ya 1995 nayo, ibara ya 38, inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, na inayofuata, ya 39, inampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Napenda kwamba ibara hizi mbili zimekaa jirani. Aliyezipanga hivyo, awe alikusudia au la, alielewa kitu.

Lakini nenda kijiji chochote cha Uganda uulize: katibu wa uzalishaji na uhifadhi wa mazingira wa LC1, yaani kamati ya kijiji, ni nani? Cheo hicho kipo kisheria. Kila kamati ya kijiji ina watu kumi, na mmoja wao kazi yake ni hiyo. Mimi ni katibu wa vijana, tunakaa benchi moja, kwa hiyo najua anachofanya. Anapiga mhuri barua za watu wanaouza mbuzi pale mwenyekiti asipokuwepo. Hajawahi kupewa nakala ya sheria ya 2021. Mpango wa wilaya hajauona. Hana hata daftari. Nchi nzima ina makumi ya maelfu ya makatibu wa mazingira, waliopendekezwa na wenyeviti wa vijiji ambao wananchi waliwachagua mwaka 2018, kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea hadharani, baada ya kungoja uchaguzi huo tangu 2001. Kisha kila mradi unapokuja, unaunda kamati mpya ya tabianchi, yenye wajumbe wapya na posho mpya, na mradi ukiisha kamati inakufa nao.

Vijana tumepewa viti vingi pia. Kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wa vijana, na mmoja lazima awe mwanamke. Bungeni tuna wabunge 5. Niseme wazi kwamba viti hivi vimekuwa ngazi ya kupandia vyama kuliko mdomo wa kusemea vijana, na sisi wenyewe tumechangia, kwa kuwapigia kura waliotununulia soda. Hata hivyo viti vipo. Sensa ya 2024 ilitukuta Waganda milioni 45.9, karibu nusu hawajafika miaka 18. Hao hawana kura, na ndio watakaoishi na Nyamwamba mwaka 2060.

Ugumu mkubwa uko kwenye kalenda, na hapa naomba univumilie. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Wilaya zinatakiwa kupitisha bajeti kufikia mwisho wa Mei. Ila kinachoingia kwenye bajeti hiyo huamuliwa mapema zaidi, kwenye mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba, na wakati huo huku mvua za pili zinanyesha na barabara za mlimani hazipitiki. Watu wa juu, ambao mto unaanzia kwao, hawafiki. Anayefika ni yule anayeishi karibu na ofisi. Juni tunasikia redioni kwamba bajeti imesomwa, na kijana akiuliza kwa nini hakuna hata shilingi ya kuta za mawe, yaani gabioni, pale mto unapopinda, anajibiwa kwamba amechelewa. Ni kweli amechelewa. Hakuna aliyemwambia saa.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Tangu 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu ina utaratibu unaoitwa Baraza: maofisa wanakuja gombolola, yaani eneo lililo chini ya wilaya, wanaeleza walichofanya na fedha walizotumia, wananchi wanauliza. Mahali ulipofanyika vizuri, watu walisimama na kutaja daraja lililolipwa na halikujengwa. Naomba utaratibu huohuo utumike kwa mpango wa tabianchi wa wilaya, mwezi Agosti au Septemba, rasimu ikiwa bado na penseli pembeni. Rasimu isomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kwetu Lukonzo. Ibandikwe kwenye ubao wa gombolola na wa kila parishi iliyo chini yake, na gharama zake zionekane. Yule katibu wa mazingira wa LC1 awe ndiye anayeleta hoja za kijiji, na diwani wa vijana asimame aseme atakachotetea wilayani, ili tuwe na la kumdai.

Bila hilo hata fedha zinazotufikia zinapotea. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa 2022, kila parishi inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa milioni moja. Ni jambo jema. Lakini mtu anayekopa ili ajenge banda la kuku bondeni, pahali ambapo mto ulipita 2020, anakopa ili Nyamwamba ale kuku. Ramani ya hatari ya mafuriko na orodha ya wakopaji zinapaswa kukaa meza moja. Sijui kama kuna kijana mmoja katika parishi hii ambaye asingeweza kuichora ramani hiyo kwa kijiti mchangani.

Sasa niende kwenye jambo ambalo huenda hutalipenda.

Aprili 2007 watu waliingia mitaani Kampala kupinga mpango wa kutoa zaidi ya hekta 7,000 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa. Siku ile ilikwenda vibaya, watu walikufa, na sitaki mtu yeyote aikumbuke kwa furaha. Lakini mpango uliwekwa kando, na anayepita leo barabara ya Jinja bado anapita chini ya miti. Miaka mingi baadaye, Oktoba 2022, wanafunzi 9 waliandamana Kampala kuhusu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Walikuwa na karatasi za kuandikia na maombi ya kukabidhi. Walikamatwa na kushtakiwa kuwa kero kwa umma. Tangu hapo wengine wengi wamepandishwa kwenye magari ya polisi kwa sababu ya bomba hilo hilo. Na hii ni baada ya Mahakama ya Katiba, Machi 2020, kukifuta kile kifungu cha Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikusanyiko.

Mtu anaweza kuunga mkono bomba lile au kulipinga. Mimi nalipinga, kaka yangu ana mkataba wa kazi huko Hoima, na tunakula sahani moja. Kumbe inawezekana kubishana bila pingu. Polisi hawako chini yako, Mheshimiwa, hilo najua. Lakini unakaa na mwenzako wa Mambo ya Ndani kila wiki kwenye meza ya mawaziri, na maneno ya vijana hao ni kazi ya wizara yako wanayoifanya bila mshahara. Vanessa Nakate, mwanaharakati wetu wa tabianchi, alianza mwaka 2019 kwa kusimama barabarani Kampala na bango. Dunia ilimsikia kabla yetu.

Jambo jingine ni dogo, ila linaua. Mvua ikipiga mlimani usiku, watu wa juu wanatutumia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: maji yamebadilika rangi, ondokeni. Hiyo ndiyo mitambo yetu ya tahadhari, hatuna nyingine. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa. Tulibahatika, mvua haikuja. Mkizima tena, mto hautajua kwamba tuko kwenye uchaguzi. Naomba wizara yako iseme hivyo, kwa maandishi, kabla ya uchaguzi mwingine wowote.

Mwisho, kanuni za kingo za mito zinatenga mita 30, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Zitekelezwe kwa wote. Mama mwenye mistari mitatu ya mahindi akifyekewa na mwenye ghorofa akiongezewa muda, hakuna kijana atakayekuja kupanda mche wenu, hata mkileta fulana za saizi yake.

Pamoja na barua hii nimepeleka wilayani ombi rasmi la kuiona rasimu ya mpango wa tabianchi, chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005. Sheria inampa ofisa siku 21 kujibu. Nakala ya ombi nimeiambatanisha kwako, na nitashukuru kama ofisi yako itampigia simu ofisa huyo.

Wako mtiifu,

Katibu wa Vijana, LC1
Kilembe, Kasese