Mwanangu Maimuna, ile kadi iko wapi?

Mombasa, Jumatatu usiku

Mwanangu Maimuna,

Assalaam alaykum. Mumeo Hamid alinipigia jana baada ya magharibi akanieleza kwamba umeikubali ile kazi ya Muscat, wiki sita, tiketi imeshakatwa na Jumapili unaruka. Alizungumza kama mtu anayetaka mimi ndiye nikukataze. Sitakukataza. Una miaka thelathini na minne, una nyumba yako, na kazi hii niliyokufunza kwa mikono yangu siwezi leo kuizuia isikulishe. Lakini nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa ukumbini, ya pili unapanga mizigo, ya tatu ukasema mtandao mbaya, nami nilikuwa nakusikia vizuri kabisa. Ndipo nikachukua kalamu. Barua hii imo ndani ya kifurushi cha mamako, nimempa kijana wa basi la usiku.

Nina swali moja. Ile kadi iko wapi?

Nasema kadi ya kamera, ya siku ya akika. Hamid hajui iliko. Anasema hajaziona picha hata moja, wewe mwenyewe hujazifungua, na kadi zako zote huziweka kwenye kile kikasha cheusi, zilizojaa na zilizo tupu pamoja. Maimuna! Kupamba moja, usiku wa wanawake na bibi harusi wao, unamaliza kadi tatu, nne. Saa nane za usiku, miguu imevimba, shangazi wa bibi harusi anakuita huku na mamake anakuita kule, unatia mkono kwenye kikasha, unatoa kadi ya kwanza, unaifuta ili uanze kazi. Kidole kimoja tu. Zama zetu filamu ukishaimaliza unaifunga kwa karatasi yake ya gundi, na hata gizani ukiishika unajua hii imepigwa. Kadi haina alama. Kadi zote zinafanana.

Kwa nini hujaifungua, hilo sikuulizi. Nauliza iko wapi.

Sasa kuhusu safari yenyewe, usidhani sikufurahi. Mamako amewaambia watu wa mtaa mzima wa Kibokoni, mpaka muuza maji wa mkokoteni anajua kwamba binti yetu ameitwa Omani na watu wenye asili ya Unguja, ambao mpaka leo nyumbani mwao wanazungumza Kiswahili. Miaka arobaini nimepiga picha za harusi za pwani hii na sijapata hata siku moja kuingia kwenye kupamba. Niliwapiga mabwana harusi, niliwapiga wazee kwenye nikahi wakitafuna tambuu, na bibi harusi nilimwona studio akiletwa na ndugu zake, amejifunika, dakika ishirini amekwisha ondoka. Asumini za nywelini, hina mpaka kiwikoni, wanawake wakiimba, hayo yote niliyasikia nikiwa nje ya ukuta. Wewe umepita mlango ambao simu za watu zinaachwa kwa mlinzi, na kamera pekee inayoruhusiwa ndani ni yako. Hiyo ni amana nzito. Mtu amekufunulia binti yake. Mara ya mwisho ulipokuja nilikuona unamkabidhi yule mama wa Majengo picha zake, ukafuta nakala zako mbele ya macho yake bila kuombwa. Sikusema kitu siku ile, lakini nilipoingia chumbani nilimshukuru Mungu.

Basi sikiliza mambo ya kazi. Nusu ya pesa iingie kabla hujapanda ndege, na makubaliano yaandikwe, hata kama wenyewe wanasema sisi ni ndugu. Hao ndugu ndio hasa uandikiane nao. Uliza viza yako ni ya nini. Viza ya matembezi si ya kazi, na wenyeji wako ndio wanaotakiwa kulishughulikia hilo, si wewe ukihangaika ukiwa uwanja wa ndege. Betri za akiba ziweke kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi. Na joto la kule ni kama letu, la unyevu, na kumbi zao zina viyoyozi vya kugandisha. Ukitoka ndani na kamera ya baridi, lenzi inafunga ukungu papo hapo na hutaona kitu. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, ndipo uitoe. Usiipanguse kwa mtandio. Najua hupenda kupangusa kwa mtandio.

Na ile SHA yenu, bima ya afya, imelipwa? Mumeo amebabaika nilipomuuliza.

Siku ile ulipokuwa umerudi kazini, na arobaini yako ya uzazi haijaisha, siku ya ishirini na sita, nilikwambia maneno makali kwenye simu. Ukanijibu, "Baba, arbuni ni deni." Nikanyamaza. Maneno hayo ni yangu, nimekulea nayo. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu na mshahara wake wote, lakini wewe umejiajiri. Ni nani wa kukupa miezi mitatu? Kodi ya nyumba haingoji, yule aliyekukopesha ile lenzi kubwa hangoji, na Ramadhani nzima hakuna harusi hata moja, kisha ikiingia Mfungo Mosi zote zinakuja kwa mkupuo na ukiikataa moja wanamwita mwingine, na mwakani hawakuiti tena. Nayajua hayo yote. Nilikuwa na haki ya kuumia, sikuwa na haki ya kukufokea.

Halafu ukanitajia Mohamed Amin, yule mpiga picha. Kwamba alikatika mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na bado akarudi kazini na mkono wa bandia. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekubandikia picha yake ukutani ulipokuwa darasa la sita. Mtu aliyeonyesha dunia njaa ya Uhabeshi ya mwaka 1984 mpaka watu wakatoa chakula, hakuna wa kumvunjia heshima. Lakini, mwanangu, miaka mitano baada ya kuupoteza mkono alikuwa kwenye ile ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini Komoro, Novemba 1996. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Ameacha mke na mwana mmoja. Kila nikitazama picha zake ninamfikiria huyo mwana. Zamani sikuwa nikimfikiria.

Narudi kwenye kadi. Umeiangalia kwenye ule mkoba wa kijani? Ule uliokuja nao kwenye akika, uliotundika nyuma ya mlango wa mamako?

Nitakwambia jambo, nalo usimuulize mamako kwa simu. Kaburi la nduguyo Abdalla unalijua, tarehe unaijua. Picha yake hukuwahi kuniuliza, pengine ulidhani hatukupiga. Siku zile picha za nyumbani zilikuwa za mwisho wa filamu. Ile Yashica yangu ya kutazama kwa juu ilipiga kumi na mbili kwa filamu moja. Mteja akilipia kumi, mbili zinabaki, ndizo zetu. Ukizitazama picha zote za mamako akiwa kijana, kila moja ilikuja nyuma ya harusi ya mtu. Basi Ijumaa moja mwaka 1984 nilirudi na mbili zimebaki kwenye kamera, nikampiga Abdalla barazani amevaa kanzu mpya, mamako amesimama kando anamtengeneza kola. Ijumaa iliyofuata tulikuwa makaburini. Ilikuwa malaria, siku nne.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda Malindi kupiga harusi. Arbuni yao ilikuwa mfukoni mwangu. Mamako alikuwa bado amekalia mkeka na wanawake, nami nilipita mlango wa nyuma na begi la kamera. Picha za Malindi zilitoka nzuri sana. Watu walizisifu, nami nilipokea sifa.

Niliporudi nikaingia chumba cha giza kusafisha na ile filamu ya kwanza, kwa sababu wenyewe walikuwa wanangoja kumi zao. Zilitoka safi. Mbili za mwisho nilizikata kwa mkasi bila kuziinua kwenye taa, nikazitia kwenye kopo la biskuti. Mamako akaniuliza, zile picha je? Nikamwambia filamu imeungua. Haikuungua. Sikuweza kuzitazama mimi, basi nikamnyima na yeye, na miaka ikapita naamini nilimhurumia.

Kopo nililifungua miaka kumi na mmoja baadaye. Unajua hewa yetu ya chumvi inavyofanya. Negativu zilikuwa zimegandana. Nikazitia majini zitengane, na moja ikabanduka ngozi yote, ikabaki plastiki tupu. Ya pili ilisalimika upande mmoja. Nilitoa picha yake moja: sikio la mtoto, bega, na mkono wa mamako kwenye kola. Hiyo nayo nikaificha. Mwaka jana tulipokuwa tunasogeza kabati kwa ajili ya mvua mamako akaiona. Hakuniambia neno. Aliifuta vumbi kwa upindo wa leso yake. Sasa imo ndani ya msahafu wake.

Hamid ni babake mtoto, Maimuna. Alimshika siku kumi na moja. Ile siku ya akika alikuwa amembeba yeye wakati wa kumnyoa, na wewe ulikuwa nyuma ya kamera, kwa hiyo huenda wewe hutaki kuona na yeye hana kingine cha kuona. Sikwambii uzifungue. Hata ukikaa nazo miaka kumi sitakuuliza. Lakini zisikae kwenye kikasha cha kazi, na zisiwe mahali ambapo mumeo hajui.

Njoo Alhamisi. Panda treni ya mchana na Yusra, shule zimefungwa, akae na sisi mpaka utakaporudi. Hamid atakuja wikendi, nimeshamwambia na amekubali. Jumamosi unarudi Nairobi, Jumapili unaruka. Kadi tutaifanyia nakala mbili kwenye ile kompyuta ya kijana wa jirani, yeye atoke chumbani, mimi nitakaa nje barazani. Moja ya Hamid, moja ya nyumba hii. Kadi yenyewe nitaitia kwenye mtungi wa kioo na zile punje za kunyonya unyevu ninazowekea lenzi zangu, niandike juu yake jina la mtoto. Nimekutumia shilingi elfu tano kwa M-Pesa ununue kadi mpya za safari. Usizirudishe. Mara ya mwisho ulizirudisha.

Hapa nyumbani paa la jikoni limeanza tena kuvuja, fundi amekuja akapanda, akashuka, akataka pesa za mabati sita, nimemwambia nitafikiria. Maji ya mfereji hayajatoka siku tisa, tunanunua, na mamako hataki nibebe mitungi kwa sababu ya mgongo, kisha anaibeba yeye na magoti yale. Yule paka wa Yusra amezaa ndani ya kabati la studio, juu ya zile karatasi za zamani za kusafishia picha. Nimewaacha. Mwambie Yusra ni watatu, mmoja ana doa jeupe puani, na asiwape majina kabla hajafika kwa maana mamako ameshawapa.

Ndani ya kifurushi mna achari ya ndimu, vitumbua vya kula siku hiyo hiyo, na leso mbili. Ile ya bluu ni ya kuvaa safarini. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukitaka kunipigia baada ya kazi, piga tu, mimi silali mapema siku hizi. Hata ukiwa huna la kusema, piga.

Mamako anauliza kama bado unakula mbaazi za nazi, au Nairobi wamekubadilisha. Ataziloweka Alhamisi asubuhi. Mimi nitakuwa Miritini treni ikiingia, nje, upande wa matatu, nitakuwa na kofia yangu ile. Kadi usiitie kwenye begi la kamera. Itie mfuko wa ndani wa buibui, ufunge na pini, mpaka nikuone.

Babako