Mchawi wa mvi kwa sarafu 50

Wachezaji na Wafasiri wa Kiswahili,
Malindi.

Kwa Msimamizi wa Tafsiri,

KUH: MANENO YA TOLEO LA KISWAHILI LA MCHEZO WENU

Tumelipitia toleo la Kiswahili la mchezo wenu wa njozi, kuanzia skrini ya kwanza hadi mwisho wa sura ya tatu. Maneno matatu hayafai kubaki yalivyo, na moja lina hatari.

Kwenye misheni ya kijiji cha mtoni, mchezaji huamriwa: "Ua wachawi 3. Zawadi: sarafu 50." Wachawi wenyewe ni vikongwe wa mvi wenye mikongojo. Katika Kiingereza hao ni "hag", viumbe vya kubuni. Nyinyi mmewatoa kwenye njozi mkawaleta Kilifi, ambako mzee huuawa kweli kwa kuitwa mchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombewa. Kaya Godoma, huko Ganze, wapo wazee waliokimbilia hapo kuponya roho zao. Wengine hupaka mvi rangi nyeusi.

Hatusemi neno mchawi lifutwe. Hadithi za pwani zimejaa wachawi, na mhusika mwovu akimtusi mwenzake katika mazungumzo, hiyo ni tabia yake, mwacheni. Ubaya ni pale neno linapokaa kwenye amri, kwenye zawadi na kwenye orodha ya maadui. Hapo msemaji ni kampuni.

Chanzo, kwa tunavyoona, ni jedwali la istilahi: "witch", "hag", "wizard" na "warlock" zote zimetiwa mchawi. Ndiyo maana hata shujaa wenu anayesoma vitabu na nyota anaitwa hivyo, ilhali mnajimu lipo, herufi 7 tu, na linaenea kwenye kitufe. Wale wa mtoni waiteni mazimwi, na muwachoree sura ya zimwi. Jina jipya juu ya bibi yule yule mwenye mkongojo halitasaidia kitu.

Ila msibadilishe yote kwa mpigo. Mkitafuta "mchawi", kompyuta itaruka wachawi, uchawi na kichawi. Tafuteni mzizi "chawi", kisha msome mstari mmoja mmoja, kwa sababu ngeli itawaumbua: "Mchawi wa moto ameanguka" lazima iwe "Zimwi la moto limeanguka". Wahenga walisema zimwi likujualo, hawakusema akujuaye.

La pili ni "Chagua kabila lako", na chini yake: "Orki: nguvu +2, akili -2." Nchi iliyopitia ghasia za 2007 na 2008 haisomi kabila na akili katika mstari mmoja ikacheka. Andikeni "Chagua aina yako". Hata Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa njozi wa mezani, katika kanuni zake za 2024, iliacha "race" ikashika "species".

La tatu ni fupi. "Barbarian" si Mshenzi. Hilo ndilo neno ambalo watu wa miji ya pwani waliwaitia watu wa bara kwa dharau, na wajukuu wa walioitwa hivyo ndio wanaonunua mchezo wenu leo. Mbabe linatosha.

Tumeambatisha faili la mistari yote yenye maneno haya, kila mmoja na sahihisho lake, ngeli zikiwa zimepangwa. Alama zinazoshika nafasi ya jina na idadi, ambazo mchezo huzijaza wenyewe, hatukuzigusa. Tunaomba mtujibu ni toleo lipi litakalobeba marekebisho, na hadi hapo misheni ya mtoni ifungwe katika toleo la Kiswahili.

Wenu,
Wachezaji na Wafasiri, Malindi