Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kibosho

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu atazisoma mhazini na kila mmoja atapata nakala, kwa hiyo sitazigusa. Nitaongelea mafunzo ya kuongeza vyanzo vya mapato, maana ndiyo kazi iliyokula muda wetu mwaka huu, na ndiyo iliyozua maneno mengi.

Mtakumbuka mkutano uliopita wengi walitaka chama kinunue miche ya parachichi aina ya Hass na kuigawa papo hapo. Kamati ikasema kwanza tujifunze, tukanuniwa. Sasa yaangalieni yaliyowapata waliokimbilia kununua wenyewe. Wapo waliouziwa miche barabarani wakaambiwa imebebeshwa, yaani imeungwa na kijiti cha mti mzazi mzuri, na ukikagua shina huoni hata alama ya kiungo. Mche wa mbegu unakukalisha miaka mingi na hujui utazaa nini. Uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi. Siku hizi vijana wetu wanabebesha wenyewe: kijiti chenye macho yaliyotuna, kisu kikali, utepe uliokazwa maji yasipenye. Mwenye mkono mzuri kuliko wote ni binti aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, na wazee wanampelekea miche kwa foleni.

Kuvuna nako kuna elimu yake. Parachichi haliivi likiwa mtini, hulainika baada ya kuchumwa, na likichumwa changa linasinyaa tu. Likatwe kwa mkasi, kikonyo kifupi kibaki, lisidondoke chini. Alikuja mnunuzi mmoja matunda hayajakomaa, akataka kuchuma shamba zima kwa bei ya jumla. Waliomkataa walinung'unika mwezi mmoja. Waliomkubali wananung'unika hadi leo.

Kahawa hakuna aliyesema ing'olewe. Tangu wazee wetu waanzishe KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933, ndiyo iliyotusomesha. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana aina zinazostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na mwenye aina hizo anapumzika gharama ya dawa. Yaliyobaki ni ya mikono yetu: kuchuma nyekundu tupu, kumenya siku hiyohiyo, kukaushia juu ya vichanja. Bado wapo wanaochanganya na mbichi ili debe lijae. Mnadani kahawa inaonjwa, jamani.

Somo lililodharauliwa kuliko yote lilikuwa la daftari. Mama mmoja wa kwetu, ng'ombe wawili, aliamini maziwa ndiyo yanayomlisha. Alipoandika pumba, mashudu na dawa upande mmoja, na lita alizouza upande wa pili, akakuta miezi ya kiangazi anawalisha ng'ombe kwa pesa ya ndizi. Hakuwauza. Alipanda majani ya malisho, ya tembo na Guatemala, kwenye kingo za kihamba, shamba la nyumbani, akapunguza mashudu ya kununua, na samadi ikarudi kwenye migomba. Kwangu mimi huko ndiko kuongeza vyanzo vya mapato: kimoja kikilegea, ujue kwa tarakimu kingine kinakibeba au kinakimaliza. Nasema hivi kwa sababu vihamba vyetu ni vidogo, na kila zao jipya linaomba nafasi ya zao lingine. Ukibananisha miparachichi juu ya kahawa, kivuli kinazidi na kahawa haizai.

Nyuki wadogo wasiouma wanaendelea vizuri kwa walioanza. Wageni wa kutembezwa vihambani tumewapata wachache. Wenzetu wa kijiji cha Materuni wametutangulia mbali na hakuna aibu kwenda kujifunza kwao.

Kwenye ajenda kuna ununuzi wa kipima unyevu cha kahawa, kwa kuwa ikizidi asilimia 12 inaota ukungu stoo, na kuitafuna kwa meno si kipimo tena. Kamati inapendekeza tuchangie kwa kadiri ya kilo ambazo kila mtu ameuza, si sawa kwa sawa. Wenye mashamba makubwa nawaomba watoe hoja zao hapa ukumbini, si kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, baada ya mkutano.